Maji Anayotawadhia Jirani

Nakumbuka asubuhi moja ya Ijumaa, babu yangu alipoyakataa maji ya mto. Alikuwa amekwisha kunja mikono ya kanzu, amevua viatu vyake vya raba na kuvipanga juu ya jiwe, amechuchumaa ukingoni ili atawadhe kwa sala ya dhuha. Akachota kwa kiganja, akayaleta puani, akayaacha yaponyoke kati ya vidole. Akachota tena, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya pili. Kisha akasimama, akavaa viatu vyake na kuanza kupanda kilima.

Mimi nilikuwa nyuma yake na mfuko wa karatasi mkononi. Ndani ya mfuko mlikuwa na kahawa niliyoiosha mwenyewe, nimemletea aione anisifu. Mwanangu, fahari ni mzigo mbaya wa kupandia kilima.

Wewe unayeanza kazi mwezi huu kule Eneo la Viwanda, kwenye kampuni inayopakia matunda ya kwenda ng'ambo, umenionyesha kile kibandiko cha kijani mnachobandika kwenye maboksi, cha kusema kwamba matunda yamelimwa kwa kutunza mazingira. Ukaniuliza kama nakijua. Nakijua. Nilikutana na babu wa kibandiko hicho zamani, kabla hujazaliwa, miaka ile ya tisini inakwisha. Kaa basi nikueleze, chai haijapoa.

Nilikuwa naishi Makongeni na mama yangu, nikifanya kazi kwenye shamba kubwa la kahawa upande wa Kalimoni. Sikuwa nimesoma sana. Nilimaliza darasa la nane, karo ikagoma. Mambo ya kahawa nilijifunza kwa kuiba kwa macho: nasimama nyuma ya wanaochagua punje, naangalia wanatupa ipi na kubakiza ipi, jioni nakaanga kidogo kwenye sufuria ya mama na kuionja kwa kijiko mpaka ulimi unakufa ganzi. Baada ya muda nikapewa kusimamia uoshaji katika faktori, ndivyo tulivyopaita pale kahawa inapovuliwa ganda.

Nitakueleza na hili, kwa kuwa naliona hata kwako. Nilikuwa msichana wa wasiwasi. Nikifunga mlango, narudi kuusukuma. Nikiambiwa "vizuri," nasikia "si vibaya sana." Nilidhani kila mtu anangojea nikosee ili aseme, si unaona, hakusoma huyu. Kwa hiyo sikutaka kukosea hata punje moja.

Sasa sikiliza jinsi kahawa inavyooshwa, maana kisa chote kimo humo. Tunda likichumwa jekundu hupitishwa kwenye mashine inayolivua ganda. Punje inayotoka ina ute unaoteleza kama bamia. Inalala kwenye tangi mpaka ute ulegee, halafu inamwagwa kwenye mifereji ya saruji, maji yanapita juu yake huku watu wakiisukuma kwa vibao. Wenzangu waliosha mpaka ute uishe. Mimi niliosha mpaka roho yangu itulie, na roho yangu haikuwa ya kutulia upesi. Maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu mengine ya kuhakikisha.

"Zuhura," alikuwa akiniita Mutua, Mkamba aliyeendesha mashine ya kuvua maganda, mtu mwenye utani mwingi kuliko mafuta ya mashine yake. "Hiyo kahawa imeshatubu. Iachilie iende mbinguni."

"Bado ina doa."

"Hata mimi niko na doa, na mama yangu alinichukua hivyo hivyo."

Nilikuwa sijali. Kahawa yangu ilitoka nyeupe kuliko ya msimamizi yeyote aliyenitangulia. Na yale maji? Yaliingia mfereji wa nje, mfereji ukapita chini ya ua la michongoma, ukateremka. Sikuwahi kuufuata. Macho yangu yaliishia kwenye michongoma.

Na msimu ule, mwanangu, kulikuwa na hofu juu ya hofu. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, na kule Ruiru mashamba yalikuwa yakifa moja baada ya jingine: leo unapita unaona mikahawa, kesho unaona visiki, kesho kutwa unaona vigingi vya ploti. Mwenye shamba letu, mzee mmoja mkimya aliyekuja na pikapu yake mara moja moja, alituita akatuambia bila kuzunguka. Kuna mnunuzi wa ng'ambo anayetaka kahawa yetu na yuko tayari kuichukua mwaka hadi mwaka, lakini kwa sharti kwamba shamba lipate cheti cha kuonyesha haliharibu mto wala msitu. Mkaguzi atakuja. Tukipata cheti, mikahawa itabaki. Tukikosa, ataing'oa akate ploti.

Hapo hapakuwa na wa kuuliza maana yake. Akina mama waliochuma walijua, Mutua mwenye watoto shuleni alijua, nami nilijua. Nikaongeza maji. Nilijiambia mgeni akija aikute kahawa yetu inang'aa hata akifumba macho aione.

Basi ndiyo Ijumaa ile. Ijumaa ilikuwa siku yangu ya mapumziko, nilibadilishana na wenzangu Wakristo: wao Jumapili, mimi Ijumaa. Niliteremka kwa babu, baba yake mama. Jina lake Ramadhani. Baba yake alitoka mbali na msafara wa wapagazi akaoa Mkikuyu hapa hapa, kwa hiyo babu alikuwa akisali kwa Kiarabu, akigombana kwa Kikikuyu, na kutania kwa Kiswahili. Alikuwa na bucha Thika mjini kwa miaka mingi. Alipozeeka akahamia kishamba kidogo kando ya mto, chini ya shamba letu, akipanda sukuma wiki na terere, mchicha wa kwetu.

Nilimfuata kilimani mpaka kwa jirani yake, Mama Njeri, mjane aliyekuwa na ng'ombe mmoja, tangi la maji ya mvua na mdomo usiojua kupumzika.

"Guka!" aliita alipomwona. Ndivyo alivyomwita, babu kwa Kikikuyu. "Mto umenuna tena?"

"Umenuna, Mama Njeri. Nisaidie kopo moja."

"Chukua mbili. Hata huyu ng'ombe amekataa. Anaangalia maji, halafu ananiangalia mimi, kama ni mimi nimeyapika."

Babu akatawadha kwa maji ya tangi, akasali pale pale chini ya ukingo wa paa. Alipomaliza Mama Njeri akatuletea chai. Babu akakishika kikombe bila kunywa.

"Zuhura, hii ni nini?"

"Chai, babu."

"Ni najisi?"

"Hapana."

"Nikitawadhia, udhu wangu utasihi?"

Nikacheka. "Babu, nani anatawadha kwa chai?"

"Mimi," akasema. "Tangu mlipoanza kuvuna huko juu."

Kicheko kikanikauka mdomoni. Babu hakupandisha sauti. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti, hata buchani alikuwa akiuza kwa kunong'ona.

"Sijasema maji ya mto ni machafu kama kinyesi. Kahawa ni tunda la Mungu, haina ubaya. Lakini maji ya kutawadhia tuliambiwa tuyaangalie rangi, tuyanuse, tuyaonje. Haya yenu rangi imegeuka, harufu imegeuka, na kuyaonja sijathubutu. Si najisi, ila si maji tena. Mmeyafanya chai, na mimi sina njia ya kuyarudisha."

Mwanangu, ungefanya nini? Mimi nilijitetea. Nikafungua mfuko wangu wa karatasi nikamwagia kahawa kiganjani mwake, nikamwambia aone, hakuna anayeosha kama mimi Kalimoni nzima. Akaisogeza kwenye mwanga, akaigeuza kwa kidole.

"Mashallah," akasema, na alimaanisha. "Nyeupe kama jino la mtoto. Umeiosha kwa nini?"

"Kwa maji, babu."

"Na maji umeyaosha kwa nini?"

Nikazikusanya punje kutoka kiganjani mwake nikazirudisha mfukoni.

"Nilipokuwa na bucha," babu akaendelea, "nilisugua meza kila jioni. Damu nikaikusanya kwenye ndoo nikaibeba mpaka shimoni nyuma ya soko. Kazi ngumu, na ndoo inanuka. Jirani yangu alikuwa muuza mboga. Ningeweza kuisukuma damu kwa ufagio mpaka mlangoni pake, na meza yangu ingekuwa safi vilevile. Tena ingekuwa safi mapema. Lakini hapo nisingekuwa nimesafisha, mjukuu wangu. Ningekuwa nimehamisha."

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Nami sikushukuru siku ile, nilikasirika. Niliondoka nikijiambia mzee anajua nyama, kahawa anajua nini. Lakini neno la mkubwa ni kama mwiba wa samaki, unaweza kunywa maji mengi bado likabaki pale pale. Siku iliyofuata, kabla mashine haijawashwa, niliinama nikapita chini ya ua la michongoma na kuufuata mfereji wangu.

Nilifuata mpaka mtoni. Ute ulikuwa umeshika kwenye mawe kama kamasi. Povu lilizunguka mahali maji yalipotulia, na harufu ilikuwa ya pombe iliyoachwa juani. Juu ya pale tulipomwaga, mto ulikuwa unaonyesha mchanga wake wote. Chini yake haukuonyesha kitu. Nilisimama katikati, mguu mmoja huku na mmoja huku, nikaona kwamba kila maji yangu ya kuhakikisha yalikuwa yamefika hapa.

Basi nikamwendea Mutua.

"Nataka maji ya mwisho, yale ya kusuuzia, yasiende nje. Yako karibu kuwa safi. Yarudi yaanze kuosha tangi linalofuata."

Mutua akavua kofia akanitazama. "Zuhura. Wewe? Unataka kuosha kahawa na maji yaliyotumika?"

"Nataka kujaribu."

"Ai! Basi dunia inaisha kweli." Lakini jioni ile ile alikuwa ameshapata kipande cha bomba la zamani akalifunga kwa mipira ya ndani ya gurudumu, maji yakarudi yakivuja kidogo huku na huku. Tukafanya tangi moja tu. Zilipokauka, nilibeba kahawa ya tangi lile na ya tangi la kawaida nikaenda kuzikaanga Makongeni. Nikaonja hii, nikaonja ile, nikabadilisha vikombe, nikamwomba mama anifunge macho kwa leso.

"Wewe utakunywa faktori nzima," mama akalalamika. "Kuna tofauti au hakuna?"

Kwa macho ilikuwepo: ile ya maji yaliyorudi ilikosa mng'aro kidogo. Kwa ulimi haikuwepo. Nililala nikiwa na furaha na huzuni pamoja, kwa maana weupe ule niliokuwa nikiujivunia haukuwa na ladha yoyote.

Lakini maji ya kwanza, yale mazito ya ute, hayakuweza kurudishwa. Hayo yalihitaji mashimo marefu mbali na mto, yanywewe na udongo taratibu. Nikaenda kwa meneja. Alikuwa kijana aliyesomea kilimo chuoni, si mtu mbaya. Alikuwa mwoga kama mimi, ila yeye aliuvalia uoga wake tai.

"Wazo ni zuri, Zuhura," akasema. "Lakini mkaguzi anakuja wiki ijayo. Mashimo tutachimba baada ya kupata cheti."

"Na mto akiuona?"

"Mto nitaunyamazisha."

Aliunyamazisha hivi. Siku moja kabla ya mgeni, mashine ilizimwa, mifereji ikafungwa. Matunda yaliyochumwa yakarundikwa nyuma ya stoo na kufunikwa turubai. Njia ikafagiliwa, na mawe ya kando ya njia yakapakwa chokaa.

"Leo hata mawe yamevaa shati," Mutua akaninong'oneza.

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, Mkenya mwenzetu, amevaa gambuti, buti za mpira zilizokwisha kuona matope mengi. Nilitarajia mtu wa maswali, kumbe alikuwa mtu wa kusimama tu na kutazama. Alitazama miti tuliyoiacha mpakani, akatazama stoo ya dawa, akateremka mtoni. Mto ulikuwa umetulia, mchanga unaonekana, samaki wadogo wanapita kama hawajawahi kutukanwa. Akatikisa kichwa kuridhika. Meneja akashusha pumzi. Nilikuwa na vitu viwili vya kuogopa, mwanangu: kwamba ataujua ukweli, na kwamba hataujua.

Tulikuwa tumerudi kwenye lango la faktori ndipo nikaona kanzu nyeupe ikipanda njia. Babu. Kichwani kofia yake ya Idi, mkononi kikapu cha sukuma wiki na terere. Nyuma yake Mama Njeri na nduma, yaani magimbi, kwenye mfuko.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, mzee," akajibu mkaguzi kabla yetu.

"Asante, mama. Sitakaa. Nimekuja kushukuru, na mwenye kushukuru haji mikono mitupu." Akaweka kikapu chini mbele ya meneja. "Mmenirudishia maji yangu. Leo nimetawadha mtoni. Sijatawadha mtoni tangu kahawa ilipoanza kuiva."

"Na ng'ombe wangu amekunywa mpaka nikamwonea huruma," Mama Njeri akaongeza. "Mungu awabariki, haki."

Mutua alikuwa akiichunguza kofia yake kana kwamba imeandikwa ndani. Mkaguzi akamgeukia babu.

"Na jana, mzee, maji yalikuwaje?"

"Jana asubuhi?" Babu akatabasamu. "Jana ilikuwa chai, mwanangu."

Mpaka leo sijui kama babu alijua alichokuwa akifanya. Nilimwuliza mara nyingi mpaka alipofariki, na kila mara alinijibu kwamba mtu akipewa kitu hushukuru, kwani nilitaka afanyeje? Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo walivyosema wazee. Siku ile mgeni aliyeponya alikuwa babu, na wenyeji wagonjwa tulikuwa sisi.

Meneja alikohoa. "Madam, huyu mzee ni mtu wa umri. Wakati mwingine kumbukumbu..."

Nilikuwa nimezoea kunyamaza mpaka nipate maneno yaliyonyooka. Siku ile sikungoja yanyooke.

"Huyu ni babu yangu," nikasema. "Kumbukumbu yake ni nzima. Mashine imezimwa tangu jana. Njoo nikuonyeshe."

Nikampeleka nyuma ya stoo nikafunua turubai. Joto likatupiga usoni. Matunda yalikuwa yameanza kuchemka yenyewe, na jasho la akina mama waliochuma lilikuwa linaozea mle. Halafu nikampeleka kwenye tangi letu, mimi na Mutua, na lile bomba lililofungwa kwa mipira. Mutua akawasha maji ili aone yanavyorudi. Bomba likavuja na kumlowesha gambuti. Nilitaka ardhi inimeze.

Mkaguzi akachuchumaa akalitazama bomba lile kwa muda mrefu kuliko alivyoutazama mto.

"Kwa nini hamkunionyesha hili kwanza?"

"Halijakamilika," nikasema. "Nilitaka likamilike ndipo lionekane."

"Dada yangu," akasema, "mto uliofungwa mdomo kwa siku moja siwezi kuupa cheti. Lakini kazi iliyoanzwa naweza kurudi kuitazama." Akasimama akapangusa mikono. "Nitarudi kwenye mavuno yajayo. Siku sitawaambia."

Akaondoka, na cheti hakikuja. Babu akambebesha mboga zilizokuwa za meneja.

Jioni mwenye shamba alifika na pikapu yake. Tulisimama kama watoto waliovunja dirisha. Meneja, na hapa nitampa haki yake, alisema amri ya kuzima mashine ilikuwa yake. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kuhusu bomba, akaenda kuliona. Aliporudi alisema neno moja tu la maana.

"Vigingi vya ploti viko stoo. Vitangoja msimu mmoja. Havili nyasi."

Basi tulichimba, mwanangu! Mutua alichimba, akina mama walibeba udongo kwa karai, meneja akavua tai na kukunja mikono, viganja vikamtoka malengelenge mpaka akawa anashika kalamu kwa vidole viwili. Mashimo yakateremka ndani ya ardhi nyekundu, mbali na mto. Bomba la mipira likatolewa, likawekwa la kweli. Maganda tuliyokuwa tukiyasukumia mtoni tukayalundika yaoze, yakarudi mashinani mwa mikahawa kama mbolea. Na mimi nikajifunza kitu kigumu kuliko kuchimba, nacho ni kusema "inatosha." Kahawa ilipokuwa safi nilisimamisha maji. Siku za kwanza niliyafunga, nikarudi kuyafungua tena. Mutua alikuwa akisimama kando na kunihesabia kama refa wa ndondi mpaka nicheke.

Mavuno yakaja, mashine ikaanza kunguruma. Kila gari likipita barabarani tulinyoosha shingo. Siku moja, katikati ya kazi, mtoto wa Mama Njeri akapiga kelele kutoka ng'ambo ya ua. Mutua akanigeukia.

"Zuhura! Yule mama wa gambuti hakupitia langoni. Yuko chini kwa Guka!"

Sikumbuki kama nilipita langoni au chini ya michongoma. Nakumbuka magoti yalikuwa na damu nilipofika. Mkaguzi alikuwa amesimama juu ya jiwe, mikono nyuma. Mama Njeri alikuwa na kamba ya ng'ombe mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa kimya kwa hiari yake. Mashine yetu ilikuwa ikisikika kutoka juu, imefunguliwa yote. Na babu alikuwa amechuchumaa ukingoni, mikono ya kanzu imekunjwa.

Akachota. Akayaangalia kwenye mwanga. Akayanusa. Nilifungua mdomo nimweleze habari za mashimo na bomba jipya, nikaufunga. Huwezi kumweleza mtu maji aliyoyashika mkononi. Kisha akafanya lile ambalo hakuwahi kuthubutu mashine yetu ikinguruma: akayatia kinywani, akayazungusha, akatema. Sura yake haikuonyesha kitu.

Akaanza tena, sasa kwa bismillahi. Viganja, kinywa, pua. Uso, mikono mpaka viwiko. Kichwa, masikio. Mwisho miguu, wa kulia kisha wa kushoto, polepole, kati ya vidole. Mkaguzi alimngojea mpaka akasimama.

"Mzee," akasema, "unasemaje?"

Babu akavaa kiatu kimoja, akakitafuta cha pili.

"Nimeshasema," akajibu, akaenda kusali.

Cheti kilikuja baadaye, tukakipigilia langoni kwenye kibao cha bati. Vigingi havikutoka stoo kwa miaka yote niliyofanya kazi pale. Kahawa yangu haikurudi kuwa nyeupe kama ile ya kwenye mfuko wa karatasi, na hakuna mnunuzi aliyewahi kuulizia weupe wake. Babu alipita mbele ya kile kibao mara nyingi akija kunisalimia, na hakuwahi kuinua macho kukisoma.

Sasa nasaha yangu ni hii, mwanangu, nayo si ndefu. Kibandiko cha kijani ni kitu kizuri. Usikidharau, kinalinda riziki ya watu. Lakini kibandiko kinatazama ng'ambo, na maji yanateremka kwa jirani. Kila ukimaliza kazi na kuona imetakata, fuata mfereji. Pita chini ya michongoma, hata kama utachanika. Umwone yule anayeishi mahali usafi wako unapoishia, na ukubali neno lake kabla ya neno la mnunuzi, maana yeye hukagua kila siku na hana gari la kuondoka nalo. Na mgeni akija, usimfungie mto mdomo. Mwonyeshe bomba lako linalovuja. Mficha uchi hazai, na mimi niliyekuwa naficha kila kitu ambacho hakijakamilika nakwambia: kilichoniokoa ni kile nilichokuwa nakionea haya.

Nenda kazini kesho kwa moyo mkubwa. Mungu akupe mikono safi, na usafi wake usiwe mzigo wa mtu mwingine. Akupe jirani wa chini mwenye pua kali na maneno machache. Na popote yatakapopita maji yako, aliye chini yako ayachote, ayanuse, ayaonje, kisha akunje mikono ya kanzu yake akutaje kwa heri. Amina.